Mashine Niliyoivisha Nguo

Tak! Halafu shiiiiii, kama mtu anayekaanga samaki kwa hasira. Hiyo ndiyo sauti ya kwanza niliyoisikia nikiwa bado nje ya mlango wa atelier yetu, karakana ya vyuma kule Naviundu, mguu wa chuma wa mashine yangu ya kushona ukiwa kichwani. Nilidhani ndani wanapika. Na kwa vile sikuwa nimekula tangu asubuhi, niliingia kwa furaha zaidi kuliko inavyompasa mtu aliyeleta chuma kuchomelewa.

Miaka kumi na minne imepita. Juma lililopita wenzangu walinifanyia sherehe ya kustaafu, mimi mwenye miaka thelathini na minne na meno yangu yote mdomoni. Fiston, ambaye tunakata vyuma pamoja tangu zamani, alinipa zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Nilipoifungua nikakuta fimbo ya wazee, ameikata kwenye tôle, bamba la chuma la milimita sita, na mpini wake umepinda vizuri kabisa. Ni nzito hata mkono mmoja unachoka kuishika.

"Mustaafu lazima akuwe na fimbo, Mama Godé," akasema.

"Na nani atanibebea hii fimbo?"

"Utatafuta mustaafu mwenzako."

Naacha kazi kwa sababu nina ndoto iliyo ya zamani kuliko vyuma: nyumba ya kushona, yangu mwenyewe, ambamo asubuhi nitashona tabuliye za ngozi za kuwakinga mafundi na cheche, na mchana magauni ya maharusi. Sitaki mtu aniambie kwamba hivyo viwili haviendi pamoja. Naomie, anayeshika torche yangu ya kukatia kuanzia sasa, aliniomba nimwandikie katika daftari hili magonjwa ya mashine yetu ya plasma, ile inayokata chuma kwa umeme na hewa. Naomie, nimeyaandika, ila nimeshindwa kuyatenganisha na watu. Na mimi shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, kwa hiyo maneno ya Kifaransa usiyahesabie makosa.

Siku ile ya kwanza aliyekuwa akikata ni Papa Kasongo. Mzee mrefu, mtoto wa mfanyakazi wa reli, miwani yake imefungwa kwa kamba kisogoni, koti lake la bluu limepauka hadi kufanana na maji ya kufulia. Alikuwa ameizima torche na kupiga magoti juu ya tôle nzima, anachora kwa chaki majani ya kupamba portail, yaani geti. Jani moja hapa, jingine kule, na katikati uwanja mtupu. Moyo wangu wa kushona uliuma.

"Papa, unaharibisha kikwembe," nikasema, kana kwamba ni kitenge kilicho mbele yake.

Akainua miwani. "Kikwembe gani? Weye unaona kikwembe hapa?"

"Hii chuma yako. Geuza ile jani, kichwa iende chini. Ya pili itaingia pa fasi ya kiuno."

Akanitazama. Akalitazama jani. Akalifuta, akalichora limegeuka. Majani mawili yakalala kama watoto wa kitanda kimoja, na pembeni ikabaki nafasi ya jani la tatu.

"Weye ni mutoto ya nani?"

"Ya mama moja ya hapa Naviundu."

"Enda umwambie mama yako leo utachelewa kurudia."

Mguu wa mashine yangu ulichomelewa, nami sikuondoka tena. Patron wetu Mukendi, mfanyabiashara ambaye wazazi wake walitoka Kasai, alikubali msichana atembee juu ya tôle zake kwa sharti moja tu: nisivae viatu vya wazi. Kesho yake nilikuja na viatu vya kaka yangu, nimevijaza vitambaa mbele.

Somo la kwanza la Papa Kasongo lilikuwa kwamba chuma nacho kinataka nafasi ya mshono. Moto wa plasma unakula upana kidogo kila unapopita. Ukikata juu ya mstari wenyewe, jani linatoka limekonda. Tembea nje ya mstari. Hilo nililielewa kabla hajamaliza kusema, na nadhani ndilo jambo pekee nililolielewa haraka katika miaka kumi na minne.

Mengine yalichukua muda. Kila asubuhi, kabla hata ya salamu, Papa Kasongo alifungua kibomba kilicho chini ya tangi la compresseur, mashine inayosukuma hewa. "Wacha ikojoe kwanza," alisema, na maji yakatoka. Wakati wa mvua ilikojoa kama mtoto aliyemaliza ndoo ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Hewa yetu ya mvua imejaa maji, na tangi linayakusanya. Usipoyatoa yanapanda hadi kwenye torche, moto unaanza kutema mate na kugeuka kijani, na vipuri vinaungua kabla jua halijapanda. Mwaka wangu wa kwanza nilisahau, Jumatatu moja tu. Kufika saa ya chakula nilikuwa nimeunguza buse tatu. Buse ni kile kichwa kidogo cha shaba chenye tundu, moto unapotokea. Papa Kasongo hakunigombeza. Alizipanga zote tatu kwenye ukingo wa sahani yangu ya bukari, ugali wetu.

"Kula," akasema. "Ni mboga yenye ulipika."

Tundu la buse lazima liwe duara. Likishakuwa yai, mkato unaenda upande hata mkono wako ukiwa wa malaika. Ndani yake inakaa électrode, kijiti cha shaba chenye kitone katikati. Kitone kinaliwa polepole mpaka kinakuwa shimo, na shimo likizama mashine inapiga tak, tak, tak bila kuwaka. Badilisha vyote viwili pamoja. Papa Kasongo alisema hao ni mume na mke: ukimpa mmoja kipya na kumwacha mwingine na cha zamani, hawatalala nyumba moja.

Kuna na ile koleo ya masse, inayobana chuma ili umeme upate njia ya kurudi. Wateja wetu wanapenda kuleta vyuma ambavyo wamekwisha kuvipaka rangi, ili vipendeze njiani. Ukibana juu ya rangi, mashine inakataa. "Sugua," alikuwa akiniambia. "Unasalimia muntu na gants ku mukono?" Gants ni glavu. Halafu cheche. Zinatakiwa kwenda chini, zikiinama nyuma kidogo. Zikikurukia usoni, mkono wako unakimbia na chuma hakijatoboka. Chuma kikiota ndevu nene kwa chini, mkono unalala. Fiston analala mpaka leo, ndevu zake tunazinyoa kila Ijumaa.

Zaidi ya yote alinifundisha kusikiliza. Alinigeuza nitazame ukuta, yeye akakata.

"Ile sauti iko namna gani?"

"Kama kikwembe chenye banapasula mustari wa kunyooka."

"Njo vile," akakubali. "Siku itapasuka kombo, simama. Usiulize machine, usiulize patron. Simama."

Sasa nafika pale ambapo Fiston anasubiri nifike.

Ilikuwa mwaka wangu wa tatu, mwezi wa sita, baridi ya asubuhi na lile vumbi jekundu linaloingia hata ndani ya chumvi. Patron alikuwa amenunua mashine mpya, hiihii unayoitumia. Niliifuta vumbi asubuhi, nikaifuta mchana, na jioni ilikuwa nyekundu tena. Niliihurumia. Ndiyo, Naomie, niliihurumia mashine. Cheka, umalize, tuendelee.

Nikaishonea nguo. Kikwembe kilichobaki nyumbani, chenye ndege wa njano, na dentelle, yaani lesi, kuzunguka chini, na mfuko nyuma wa kuwekea gants. Mbele niliacha dirisha moja la swichi na kifundo cha kupandisha nguvu. Taa ndogo zilizo juu ya kifundo nilizifunika, kwa sababu ukingo ulikaa vizuri zaidi hivyo.

Patron aliiona akapiga makofi. "Sasa njo machine ya muntu ya heshima!" Kuanzia hapo kila mteja aliyeingia alipelekwa kwanza kuiona. Papa Kasongo aliizunguka mara mbili.

"Godé. Miye niko na koti moja tangu weye ulikuwa ku masomo, na machine unaishonea robe?"

"Nitakushonea na weye, Papa."

"Ya yangu usitie dentelle."

Juma lile tukaanza portail ya nyumba mpya kule Karavia. Mwenye nyumba alikuwa anamwoza binti yake, na wageni wote walipaswa kupita katikati ya kanga wawili wa chuma wanaotazamana, mmoja kila upande. Kanga niliwachora mimi, pamoja na madoa yao yote. Chuma kilikuwa cha milimita kumi, mikato mirefu, kitu ambacho mashine mpya haikuwa imekifanya bado.

Papa Kasongo alikuwa amefika shingoni kwa kanga wa kwanza. Shiiiiii, lakini bila moto. Hewa inaendelea, moto umekufa. Akabonyeza tena. Hakuna. Akafungua torche, akabadilisha buse na électrode, akanywa chai yake kwa utulivu, akajaribu. Tak! Ikaenda.

"Ilikuwa buse," akasema.

Baada ya muda ikafa tena. Akakojoza compresseur, akasafisha kichujio cha hewa, akakipangusa, akakirudisha. Tak! "Ilikuwa maji." Ikafa tena. Akasugua chuma mpaka kikang'aa, akabana masse upya. Tak! "Ilikuwa masse." Kufika jioni tulikuwa tumetibu kila kitu, na kila mara tulikuwa tumepatia, kwa nusu saa. Kila mahali moto ulipokufa paliachwa alama kama ya meno, na kanga wa kwanza alitoka bila mdomo.

"Papa, hii kanga itakula namna gani?" akauliza Fiston, ambaye wakati ule alikuwa bado mgeni na hajajua kunyamaza.

"Itakuya kwako, utaitafunia."

Siku ya tatu hakuna aliyetania. Buse mpya zilikuwa zinaisha sandukuni, na harusi inakaribia. Patron alianza kutazama mikono ya Papa Kasongo. Na kweli, asubuhi za baridi ile mikono ilitetemeka kidogo akishika kikombe. Ilipokamata torche ilitulia kama imewekwa mezani. Lakini patron aliitazama wakati wa kikombe.

Akaletwa fundi wa mashine kutoka nje. Akaivua mashine nguo yake, akaikunja kwa adabu, akaiweka kwenye kiti. Akafungua kifuniko, akapuliza vumbi, akapima hapa na pale, akafunga. Kisha akakata vipande virefu, kimoja baada ya kingine, asubuhi nzima. Hakuna kilichokufa.

"Machine iko muzima," akasema huku ananawa. "Muangalie mukono."

Patron alimwita Papa Kasongo pembeni. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Papa Kasongo, umetumika sana. Sasa pumuzika kidogo. Utakuwa unaikala ku mulango, unafungulia bantu."

Papa Kasongo alikuwa akikata katika ile atelier tangu haijawa na paa. Akavua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa.

"Mulango gani? Ile nilikataka miye mwenyewe?"

"Njo ile."

"Basi, tunajuana."

Akachukua kiti chake, akaenda.

Torche akapewa Fiston. Siku ile yote alikata vizuri, bila kusimama hata mara moja, na watu wakatazamana. Basi ilikuwa mkono wa mzee kweli. Sentensi inayofuata naiandika polepole: hata mimi niliamini.

Kesho yake, nikifagia, nikaikuta nguo pale kwenye kiti alipoiacha fundi. Nikaikung'uta, nikaivisha mashine, nikafunga kamba zake kwa ua zuri. Fiston akaanza kichwa cha kanga wa pili. Kabla ya chai, shiiiiii, bila moto.

"Ni courant," akasema Fiston, akatoka nje kutazama waya.

Nilibaki peke yangu. Niliinama kuchukua gants kwenye ule mfuko wa nyuma, na mkono wangu ukaungua. Nyuma ya mashine kulikuwa na joto la sufuria. Kikwembe kilikuwa kimenyonywa na kugandamana na tundu za hewa, kama kitambaa kwenye mdomo wa mtu anayejaribu kupumua. Nikainua ukingo wa mbele. Taa ya njano ilikuwa inawaka, ile inayosema: nimepata joto, nipumzishe. Ilikuwa inasema hivyo tangu siku ya kwanza, chini ya ndege zangu.

Hapo yote yakajipanga. Tulipokuwa tunabadilisha buse, ilikuwa inapoa. Tulipokuwa tunasugua masse, inapoa. Papa Kasongo alipokuwa anakunywa chai, inapoa. Fundi aliivua nguo, ikapona. Kila dawa tuliyoipa ilifanya kazi, kwa sababu kila dawa ilichukua muda.

Nikaivua, nikaisokota ndani ya mfuko wangu. Fiston alirudi, akazunguka zunguka, akabonyeza. Tak!

"Shi nilisema ni courant?"

"Ee," nikasema.

Ile "ee" ilikuwa nzito kuliko fimbo aliyonikatia.

Nilinyamaza siku mbili. Niliogopa patron atanifukuza, na kwamba nitakuwa hadithi ya Naviundu yote: msichana aliyeinyonga mashine kwa dentelle. Asubuhi ya kwanza Papa Kasongo aliinuka kwenye kiti chake kunifungulia.

"Bonjour, Madame la couturière! Kanga ya pili ilipata kinywa?"

"Ilipata, Papa."

"Muzuri."

Asubuhi ya pili alinifungulia tena, lakini akashika mlango, hakunipitisha.

"Ile sauti, inapasuka muzuri?"

"Muzuri, Papa."

"Haikufaka tena?"

"Hapana."

"Basi ilikuwa mukono yangu." Akaugeuza mkono wake, juu na chini, jinsi tunavyogeuza buse kutazama kama inafaa siku moja zaidi. "Haina kintu. Weye uangalie ya Fiston. Inalalaka."

Siku nzima sikuchora mstari ulionyooka.

Ningeweza kumwambia yeye peke yake, kimya kimya, pale mlangoni. Nililifikiria. Lakini yeye hakuwa amemhukumu mtu. Waliopaswa kusikia walikuwa wengine. Kesho yake patron alipokuja kutazama portail, nikaitoa nguo kwenye mfuko, nikaivisha mashine mbele ya wote, nikafunga kamba.

"Tena robe?" patron akauliza. "Tuko na harusi ya bantu!"

"Patron, nakuomba, univumilie kidogo. Fiston, kata."

"Nikate nini?"

"Ile kipande ya kando. Kata mupaka isimame."

"Sababu ya nini isimame?"

"Kaka, kata tu."

Nikaenda mlangoni. "Papa, kuya."

"Na mulango naachia nani?"

"Shi munajuana. Haitakimbia."

Akaja, na kiti chake mkononi, akakaa karibu na ukuta kama mgeni. Fiston akakata. Mstari, mstari mwingine. Patron akitazama saa, mimi nikitazama vile viatu vya kaka yangu miguuni kwangu. Ilichukua muda mrefu hata nikaanza kuogopa kwamba nimekosea, na kona moja ndogo ya moyo wangu, nikisema kweli, ilitamani niwe nimekosea.

Shiiiiii.

Nikainua ukingo, nikaonyesha taa ya njano. Nikamshika patron mkono, jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata siku moja, nikauweka nyuma ya mashine. Akauvuta haraka.

"Inaunguza!"

"Ni miye," nikasema. "Haikuwa mukono ya Papa. Haikuwa buse, haikuwa maji, haikuwa courant. Ni robe yangu inaifunga pumuzi. Nilijua tangu siku mbili, nikanyamaza."

Nikaivua nguo. Feni ya mashine ikasikika vizuri, inavuma kama mtu aliyetoka kwenye maji. Nilisubiri patron aseme kuhusu mimi. Alikuwa anatazama chini, na nadhani alikuwa anawakumbuka wateja wote aliowaleta kuiona.

"Na miye nikasema iko ya heshima," akasema mwishowe.

Papa Kasongo aliinuka, akachukua ile nguo, akapitisha kidole kwenye dentelle.

"Siku mbili?"

"Siku mbili, Papa."

"Miye ningenyamaza tatu."

Kisha akamgeukia patron. "Patron, mulango yako iko wazi, na hakuna muntu." Na kabla patron hajajibu, akamnyooshea Fiston mkono. Fiston akampa torche. Papa Kasongo akasubiri taa ya njano izime, akapiga magoti, akamaliza mkia wa kanga wa pili mimi nikimshikia rula, na ile sauti ikapasuka mstari ulionyooka.

Yule kanga asiye na mdomo alikatiwa wa peke yake, ukachomelewa. Portail iko Karavia mpaka leo. Ukisimama karibu utaona mshono kwenye kanga wa kushoto. Bibi harusi alipita hapo bila kujua lolote, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Patron hakunifukuza. Adhabu alinipa Papa Kasongo: mwezi mzima, kila asubuhi, compresseur ikishakojoa, niweke kiganja nyuma ya mashine, mbele ya watu, niulize kwa sauti, "Unapumua?" Fiston alijificha nyuma ya tôle akajibu kwa sauti nyembamba, "Ninapumua, Madame." Mwezi uliisha. Mimi sikuacha. Nguo nayo haikutupwa. Inavaliwa baada ya kazi tu, feni ikishasimama kabisa. Ndiyo maana nilikuwa nakupigia kelele, Naomie, ulipoifunga na haraka zako za kwenda nyumbani.

Kama utabaki na jambo moja katika daftari hili, basi ni hili. Kitu kikipona na hujui ni nini kilichokiponya, bado hujakitengeneza. Kirudishie ugonjwa wake ukiwa umesimama pale, uone jinsi unavyokuja. Ndipo mtu asiye na kosa anapoweza kurudi kwenye kazi yake.

Papa Kasongo aliacha kazi miaka kadhaa baadaye, magoti yalipochoka, si mikono. Nilimshonea koti jipya, la bluu, halina dentelle. Yaani nje halina. Ndani ya mfuko wa kushoto ipo kidogo, na sijui kama ameigundua. Kwenye sherehe yangu alikuja amelivaa, akaketi, akaomba aletewe ile fimbo. Akaigeuza kwenye mwanga, akafumba jicho moja.

"Fiston."

"Papa."

"Mukato inaenda upande. Buse yako iko yai."

Watu walicheka mpaka munkoyo ukamwagika. Wakati wanapanga sahani za bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo, uwanjani, niliingia ndani kuchukua makasi yangu na kisanduku cha vifungo. Atelier ilikuwa tupu. Mashine mlikuwa mmeiacha inawaka ili feni iipoze kwanza, na hivyo ndivyo ipasavyo. Lakini nyuma yake, juu ya tundu za hewa, ilikuwa imetundikwa sweta yako ya kijani. Asubuhi ilikuwa baridi, mchana ukapata joto, ukaivua ukaitundika mahali pa karibu. Najua. Ndivyo inavyoanza.

Taa ya njano ilikuwa bado haijawaka. Nikatazama mlangoni, hakuna mtu. Nikaitoa sweta, nikaweka kiganja, nikauliza kwa sauti ya chini. Ilikuwa inapumua. Sweta ilikosa kifungo kimoja, cha pili kutoka juu. Sindano huwa ninayo kwenye ukosi. Nikakaa kwenye kiti, nikatafuta kifungo kinachofanana, nikakishona, nikakata uzi kwa meno, nikaikunja sweta na kuiacha pale kwenye kiti, mbali kidogo na mashine.